Msindikizaji wa Vyungu: Mzee Sylveri Baranyikwa Anarudisha Funguo

Ijumaa ya tarehe 31 Oktoba 2025, Mzee Sylveri Baranyikwa, mkuu wa usafirishaji wa Makumbusho ya Halloran hapa Buffalo, Marekani, anarudisha funguo za lori na kustaafu baada ya miaka kumi na minne ya kazi. Lori limeshaambiwa. Sisi wengine bado tunajifanya hatujasikia.

Mwandishi wa wasifu huu ni Karimi, msajili wa vyombo vya makumbusho, Mkenya aliyekuja kusomea chuo cha Amherst, jirani na hapa, akasahau kurudi. Kuna wasifu mwingine wa Kiingereza umebandikwa ukutani ofisini, una picha nzuri na vyeo vyote. Huu wa Kiswahili umeagizwa na Mama Spés, mke wa mstaafu, usomwe Jumamosi kwenye sherehe katika ukumbi wa kanisa, mtaa wa East Side. Mama Spés aliusoma ule wa Kiingereza akasema unamfanya mume wake aonekane kama mashine ya foklifti. Tukaona ana haki.

Mzee Sylveri alizaliwa Makamba, kusini mwa Burundi. Mwaka 1972, akiwa na miaka kumi na mmoja, aliyakimbia mauaji akavuka mto Malagarasi kuingia Tanzania, amembeba mgongoni mdogo wake, Immaculée, ambaye hata kutembea vizuri alikuwa hajajua. Wazazi wao hawakufika ng'ambo. Alikulia kambini, akaoa kambini, akapata watoto kambini, na kambi ya mwisho ilikuwa Mtabila, Kasulu. Mwaka 2008 aliletwa Buffalo pamoja na Mama Spés na watoto. Immaculée alikuwa ameshaolewa, na mumewe hakutaka kabisa kusikia habari za Marekani. Kaka na dada wakaagana mlangoni mwa basi. Baadaye Mtabila ilipofungwa, Immaculée alirudi Burundi, Makamba kulekule walikotoka, na mpaka leo hii hawajaonana. Tutalirudia jambo hili, maana ndilo lililobeba mengine yote.

Baada ya miaka mitatu katika ghala la vipuri vya magari, Mzee Sylveri aliingia Halloran mwaka 2011 kama mpakuaji wa mizigo. Wakati huo tulikuwa na utaratibu wa ajabu, na wageni wa Jumamosi huenda hawaujui, kwa hiyo tuueleze.

Mzee Halloran, daktari wa meno aliyeanzisha makumbusho haya, alikusanya katika maisha yake vyungu vya kale vya Peru. Ni vyungu vilivyofinyangwa na kupakwa rangi na Wanaska na Wamoche, watu walioishi kwenye pwani kavu chini ya milima ya Andes zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Vina sura za watu na wanyama. Kuna chupa ya udongo yenye vindege vidogo vinavyofyonza maua, kuna nyangumi mwenye mkono wa mtu, kuna mbweha, bundi, na wazee wenye nyuso zilizochoka ambao ukiwatazama sana unaona aibu, unawaamkia. Daktari alikuwa na mabinti watatu, mmoja Buffalo, mmoja Columbus, mmoja Louisville, na kwa kuogopa ugomvi aliwaachia vyungu kwa zamu. Kila mji ulikuwa na makumbusho yake madogo, na kila mwaka vyungu vilihama. Ndiyo maana makumbusho yetu, yenye wafanyakazi wasiojaza meza mbili, yalihitaji lori na mtu wa kuliendesha.

Mzee Sylveri alipokabidhiwa lori, alikuja na sharti moja. Alisema kwao mgeni haachwi aondoke peke yake kama mtu aliyefukuzwa, anasindikizwa. Basi vyungu vikiondoka Buffalo, ilibidi mtu mmoja wa ofisini avifuate kwa gari lake mpaka kituo cha mafuta cha kwanza nje ya mji, ashuke, asimame nyuma ya lori, aage, kisha ndiyo arudi. Mkurugenzi aliuliza kwa nini. Mwandishi akamtafsiria kwamba ni mambo ya usalama, na mkurugenzi akaidhinisha siku hiyohiyo. Tangu hapo hakuna mfanyakazi wa Halloran ambaye hajawahi kusimama kwenye baridi ya Januari akipungia mkono masanduku ya mbao. Mwandishi amekunywa kahawa mbaya katika kituo kile mara nyingi kuliko alivyokunywa nzuri kwingineko.

Upande wa pili wa safari ulikuwa na sharti lake pia, na hilo Columbus waligundua wenyewe. Safari ya kwanza Mzee Sylveri alifika, akarudisha lori kinyumenyume mlangoni, akafungua, akakaa kwenye ngazi ya lori na kutulia. Mpokeaji mizigo wa kule, Bwana Harlan Tibbs, alitia sahihi karatasi zake akasubiri. Mzee naye akasubiri. Bwana Tibbs akamletea soda, akidhani ana kiu. Akaipokea, akashukuru, akaendelea kukaa. Mwishowe Bwana Tibbs akapiga simu Buffalo kuuliza kama dereva wetu ni mgonjwa. Mwandishi akaomba azungumze na mzee.

"Mzee, si u-sign tu washushe? Kuna shida gani?"

"Hakuna shida, mwanangu. Ila hawa wageni wametoka mbali, na hakuna mtu aliyewaambia karibu. Nitawaingizaje kwa watu?"

Bwana Tibbs alifundishwa neno hilo palepale kwa simu. Akaenda mbele ya masanduku, akavua kofia, akasema "Karibu" kwa sauti ya Ohio ambayo mzee anaisifu hadi leo. Vyungu vikashuka. Mwaka uliofuata Bwana Tibbs alikuwa anasubiri nje na neno lake tayari, na alipostaafu alimfundisha aliyemrithi. Ukipeleka sanduku la mbao Columbus leo, hata kama ndani mna balbu za taa, linakaribishwa.

Tabia hiyo ilimtia mashakani mara moja tu. Karibu na Cleveland askari wa barabarani alisimamisha lori na kuuliza amebeba nini. Mzee Sylveri, kwa Kiingereza chake safi na kwa unyoofu wote, akajibu kwamba huko nyuma ana wageni kumi na wawili, wametulia, na amewawekea joto. Alitakiwa ashuke na mikono ionekane. Milango ilipofunguliwa na sanduku moja kufunuliwa, askari alikutana uso kwa uso na mzee wa Kimoche mwenye kilemba, wakaangaliana. Kisha akamwambia Mzee Sylveri aendelee na safari, apunguze mwendo kwenye kona. Mzee aliona ushauri huo ni wa mtu mwenye adabu.

Louisville nako alifika siku ya mbio za farasi, barabara zimefungwa, mji mzima umevaa kofia pana na magauni ya maua. Alipiga simu ofisini akilalamika kwamba kuna harusi kubwa na hakuna aliyempa habari, yeye amevaa jaketi la kazi.

Kuna bakuli moja la Kinaska limezungushiwa maharage, yamechorwa moja moja, mekundu, meusi na yenye madoa. Kwa Mrundi, ambaye hali bila maharage, kuona vile ilikuwa furaha tupu. Alisema waliochora bakuli hili ni watu wetu kabisa, wanajua kilicho muhimu. Mwandishi alipomweleza kwamba maharage kwa asili yalitoka huko Amerika, tena milima hiyohiyo ya Andes ni mojawapo ya makwao, alikataa katakata. Alikasirika wiki nzima. Kisha siku moja Cikuru, msaidizi wake kutoka Bukavu, alimkuta chumba cha kufungia vyombo amelishika lile bakuli kwa glavu, analishukuru kwa sauti ya chini kwa niaba ya Burundi yote.

Kazi yenyewe aliifanyaje? Kwa polepole inayoudhi. Kila chombo alikikatia kitanda chake cha sponji, akakilaza, akakiinua, akakata tena. Cikuru alizoea kumwimbia, "Bon, mzee, donc tunafunga ao tunalala hapa?" Naye hujibu kwamba chombo hakijalala vizuri. Katika miaka hiyo yote hakuna hata kimoja kilichopata ufa mikononi mwake. Kikombe cha mkurugenzi kilivunjika, lakini kikombe hicho kilikuwa kimeachwa juu ya sanduku, na mwenye kosa anajijua.

Sasa tumfikie mama mmoja wa udongo.

Miongoni mwa vyungu vya Kimoche kulikuwa na chupa ya udongo yenye umbo la mwanamke aliyesimama, shingo ya chupa ikitokea mgongoni kwa mrija uliopinda kama mpini wa ndoo. Amepakwa nyekundu na rangi ya maziwa. Mgongoni amefunga mtoto kwa nguo, na mtoto amelaza shavu begani mwake, macho wazi. Mzee Sylveri alimpakia mama huyu kila safari, na alimpakia wa mwisho ili awe wa kwanza kushuka. Hakuwahi kusema kwa nini. Mama Spés ndiye aliyetueleza, siku moja ya theluji alipoleta chakula ofisini, kwamba mume wake akimtazama yule mtoto anasikia uzito mgongoni.

Kila mwaka Mzee Sylveri alikuwa anasema anakwenda Burundi kumwona Immaculée. Kila mwaka hakwenda. Mwaka huu Columbus wamehamisha tarehe, mwaka ule Louisville wanatengeneza paa na vyungu haviwezi kuachwa na mtu asiyevijua. Hati ya kusafiria alikuwa nayo, likizo alikuwa nayo. Sisi tuliamini ni bidii, tukamwandikia barua za pongezi kwa kutokuchukua likizo, na kwa hilo tunaona haya. Ilikuwa woga. Alimwambia Cikuru wakiwa safarini, na Cikuru amempa mwandishi ruhusa ya kusema kwa kuwa mzee mwenyewe amekubali: "Nilimvusha mto nikiwa mtoto, nikamwacha kambini nikiwa mtu mzima. Nikifika ataniuliza nilikuwa wapi. Nitamjibu nini? Nilikuwa nabeba vyungu?"

Mwaka 2023 makumbusho yote matatu yalikubaliana kwamba vyungu virudi Peru. Daktari Halloran alivinunua enzi ambazo hakuna aliyeuliza vimetokaje ardhini, na wajukuu wake wakaona ni wakati wa kuuliza. Tulidhani Mzee Sylveri atahuzunika, maana kazi yake ilikuwa inaondoka na masanduku. Alichosema ni kwamba atawasindikiza. Mkurugenzi alimpangia afike nao mpaka uwanja wa ndege, kisha kampuni ya mizigo iwachukue. Mzee akaomba afike hadi mwisho, akaomba tena, na kustaafu kwake kulikokuwa kumepangwa majira ya baridi kukaahirishwa kwa ombi lake. Ndiyo mara pekee katika miaka kumi na minne aliyoomba kitu kwa ajili yake mwenyewe.

Hivyo mwezi wa Mei mwaka huu yeye na mwandishi walipanda ndege pamoja na vyungu. Tangu alipotoka Mtabila hakuwa amepanda ndege tena. Alishika mkono wa kiti mpaka Lima, na kutoka pale wakaenda kwa lori la wenyeji hadi kwenye makumbusho madogo ya pwani ya kaskazini, kwenye vumbi na jua, ambako masanduku yalishushwa kivulini. Aliyeyapokea ni Bibi Hermelinda, mtunzaji wa vyombo wa pale, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Karatasi zilitiwa sahihi. Kazi ilikuwa imekwisha.

Mzee Sylveri hakuondoka. Aliweka kiganja juu ya sanduku la yule mama, akasimama. Mwandishi alijua anasubiri nini, akaanza kutafuta mkalimani, akihangaika jinsi ya kueleza habari za Columbus na Bwana Tibbs kwa Kihispania. Hakukuwa na haja. Bibi Hermelinda alimwangalia usoni, akaja, akafungua kifuniko, akaondoa sponji kwa vidole viwili. Alimtazama mama wa udongo na mtoto wake. Kisha akasema maneno machache, si kwetu, bali kwa chombo. Mkalimani alitunong'oneza: "Umefika, mama. Pita ndani."

Akamwinua kwa mikono miwili, akaingia naye.

Mzee Sylveri alilia pale kivulini bila kujificha, na mwandishi naye hakubaki nyuma. Bibi Hermelinda alirudi akatuona, akatupa maji, na wakati wa kuondoka akatembea nasi kwenye jua lile mpaka barabarani, akasimama mpaka lori lilipoondoka. Tulipotazama nyuma alikuwa bado anapunga. Nao kumbe wanasindikiza.

Kwenye ndege ya kurudi mzee alifumba macho, mwandishi akadhani amesinzia. Halafu akasema, "Karimi, umesikia alivyomwambia? Hakumuuliza alikuwa wapi. Miaka yote hiyo, nyumba za watu, hakumuuliza kitu. Amemwambia apite tu." Baadaye kidogo akasema, "Nikifika naandika barua ya kustaafu. Nakwenda Makamba."

Ameiandika. Cikuru anachukua funguo, na tumeshamsikia akimfokea kijana wa kampuni ya posta kwa kutupa bahasha bila kuipokea vizuri, kwa hiyo tunajua makumbusho yako salama. Mama Spés atamfuata mumewe mwezi Desemba, wajukuu wakifunga shule; amesema wa kwanza kufika awe mzee peke yake, maana hiyo safari ni ya watu wawili, kaka na dada.

Mwandishi alipiga simu Makamba wiki iliyopita, bila ruhusa ya mstaafu, naye ndiyo kwanza analijua hilo akisomewa hapa. Immaculée alicheka sana kusikia kaka yake anaogopa. Kisha sauti ikabadilika. Alisema, "Mwambieni mto ule siukumbuki, nilikuwa mdogo. Mgongo wake naukumbuka. Kama sasa amezeeka, aje, zamu hii nitambeba mimi."

Mzee Sylveri, kwa niaba ya Halloran, ya wenzetu wa Columbus ambao wamekuja leo na kofia mkononi, na ya Louisville ambao safari hii wamekupa habari ili uvae vizuri, asante. Asante kwa kutufundisha kuaga na kukaribisha. Asante kwa polepole yako iliyotuudhi. Tunakuombea siku ndefu zisizo na theluji, maharage yasiyokauka sufuriani, na mgongo usiouma.

Jumanne tutakuja wote uwanja wa ndege, na mkurugenzi naye, tusimame mpaka pale tunaporuhusiwa kufika, tukuage kama ulivyotufundisha. Kutoka hapo utakwenda mwenyewe. Ukifika Makamba, usiingie kwanza. Kaa mlangoni, tulia, kama ulivyokaa kwenye ngazi ya lori Columbus, usubiri mwenye nyumba aseme karibu. Tumeongea naye. Hutasubiri.